"Mama, usianze tena": mtoto wa miaka 12 kachoka na mafunzo ya imani nyumbani, nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mie mama wa watoto watatu, 12, 9 na 5, tunakaa Tomondo, hapa Unguja. Mume wangu anafanya kazi hoteli huko Kiwengwa, nyumbani anakuja siku za ofu tu. Kwenye semina ya kanisa tuliambiwa tutafute mafunzo ya imani kwenye maisha ya kila siku ya familia, nikaanza kwa bidii, tukipika nasema kitu, tukiwa njiani nasema kitu, usiku nasema kitu. Sasa huyu mkubwa nikifungua mdomo tu anasema "mama usianze tena". Na hapa mtaani kila siku watoto wa wenzetu Waislamu wanakwenda chuoni, yaani madrasa, na misahafu yao, wangu wamekaa tu, roho inaniuma, naona kama sie tumelala. Nafikiria hata nimtie kwaya kwa lazima. Nisaidie.

Jibu:

Marahaba dada yangu, na pole na malezi, khasa ukiwa peke yako siku nyingi za wiki.

Nianze na huyo mkubwa manake yeye ndo kakuonesha tatizo liko wapi. Sie tunaoendesha semina tunapenda sana kuwaambia wazazi watafute mafunzo kwenye vitu, mvua ikinyesha sema kitu, mchicha ukiota sema kitu, maji yakikatika sema kitu, na mzazi mwenye bidii kama wewe akitoka pale anakwenda kuifanya nyumba nzima mimbari. Wa miaka 5 atafurahi. Wa 9 atavumilia. Wa 12 atakwambia usianze tena, na mie naona ana haki, kwani nani anataka kuhubiriwa kila akienda kuchota maji?

Andiko ambalo semina zote hizi zinalitumia ni Kumbukumbu la Torati sura ya 6, "Na maneno haya ninayokuamuru leo, yatakuwa katika moyo wako, nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Linasomwa vizuri lakini linakatwa mapema. Kwanza maneno yanaanza kukaa kwenye moyo wako wewe mzazi, mtoto hata hajatajwa bado. Halafu ukiendelea mpaka mstari wa 20 unakuta anayeanzisha mazungumzo ni mtoto, ndo anauliza hizi amri na hukumu maana yake nini, na mzazi haambiwi amueleze sheria moja moja, anaambiwa amsimulie, sisi tulikuwa watumwa wa Farao kule Misri, Mungu akatutoa. Kwenye Kutoka 12 ni hivohivo, Pasaka inafanyika, watoto wanauliza, wakubwa wanajibu. Yoshua 4 pia, mawe 12 yanatolewa mtoni Yordani yanasimamishwa ili siku moja watoto waulize haya mawe ya nini. Yaani imepangwa kabisa kwamba nyumbani kuwe na mambo ambayo mtoto akiyaona hawezi kukaa kimya, akiuliza ndo unaongea.

Kwa iyo punguza maneno, zidisha vitendo, halafu nyamaza usubiri. Hapo kwenye kusubiri ndo pagumu, wazazi wengi wakishafanya jambo jema mbele ya mtoto hawawezi kuvumilia hata dakika tano bila kulieleza.

Na umri wa huyo kijana usikutishe. Ni umri uleule wa Yesu alipobaki Yerusalemu baada ya sikukuu, Luka 2, wazazi wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani yuko na jamaa msafarani, wakarudi kumtafuta, baada ya siku tatu wakamkuta hekaluni kakaa katikati ya walimu anawasikiliza na kuwauliza maswali. Mariamu akauliza kama mama yeyote angeuliza, mwanangu mbona umetutenda hivi, akajibiwa, na Luka anaandika wazi kwamba hawakuelewa alichowaambia. Mama wa Yesu mwenyewe hakuelewa jibu la mtoto wa miaka 12! Alichofanya ni kuyaweka moyoni, na mtoto akarudi nao Nazareti akawa anawatii. Mtoto wa rika hili anataka nafasi ya kuuliza, na akiuliza usilolijua mwambie sijui, Jumapili twende wote tukamuulize padri. Ukimpa jibu la kubuni atajua tu.

Sasa vitendo gani vinamfanya mtoto aulize? Kwa nilivoona kwenye familia nyingi nilizokaa nazo, ni pale imani inapomgharimu mzazi kitu, pesa au heshima yake au starehe yake.

Chukua mfano wa dada wa kazi. Nyumba ngapi za Wakristo tunasali kabla ya kula, tunamshukuru Mungu kwa chakula, macho tumefumba, na msichana aliyekipika kakaa jikoni anasubiri kitakachobaki, mshahara wake wa mwezi uliopita tunamwambia mwisho wa wiki, mwisho wa wiki ukifika tunamwambia subiri baba arudi. Watoto wanaona vyote hivyo dada yangu. Torati inasema ujira wa kibarua maskini umpe siku ileile kabla jua halijachwa, Kumbukumbu 24 huko, kwa sababu roho yake inautegemea. Kama una msichana wa kazi au fundi kaja kurekebisha bomba, mlipe mbele ya watoto, mlipe siku mliyokubaliana, hata ikibidi hiyo Jumapili mle muhogo na mchicha badala ya wali wa kuku. Akiuliza mbona leo hakuna kuku, mwambie pesa tumemlipa fundi, ilikuwa haki yake, basi. Usiongeze mstari wa Biblia hapo, mwenyewe ataukuta siku moja akisoma na atakukumbuka.

La chenji ni dogo lakini linafanya kazi kuliko mahubiri. Konda wa daladala kakosea kakurudishia zaidi, mmeshashuka, unamwita unamrudishia, mtoto yupo ubavuni. Ushamaliza kufundisha.

Na kuomba radhi. Paulo anawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao, Waefeso 6:4, mstari ambao huwa tunausikia mara chache kuliko ule wa juu yake wa watoto watiini wazazi wenu. Siku umemgombeza mtoto kwa kosa la mwenzake, ukagundua, mwite umwambie nimekukosea, nisamehe. Kwa utamaduni wetu mkubwa kumuomba radhi mdogo ni jambo zito, wengine watakwambia unamharibu. Mie sikubaliani nao hata kidogo. Kila usiku tunamfundisha aseme utusamehe deni zetu kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu, sasa atajuaje msamaha unavyoombwa kama hajawahi kumuona mtu mzima akiuomba?

Haya, tuje kwenye chuoni, manake naona hapo ndo panapokuuma zaidi.

Kwanza usione wivu, na usimlinganishe mtoto wako na wa jirani mbele yake. Ila lipo la kujifunza kwao, tena kubwa: saa maalumu. Mtoto wa jirani yako habembelezwi kila siku leo twende au tusiende, saa ikifika anachukua msahafu wake anaondoka. Sie tunasubiri hamu ije, na hamu ikishindana na katuni inashindwa. Angalia mtaani kwenu adhana ya Magharibi ikilia, watoto wote wanaingia ndani, wakubwa wa huku hawapendi watoto wabaki nje jua likizama, na wako wanaingia vilevile. Hiyo ndo saa yako, umeletewa bure. Zima tivii dakika kumi, zaburi moja fupi kama 121 au 23, Sala ya Bwana, kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru na mtu mmoja wa kuombewa, mkubwa ndo asome, mdogo ndo aseme amina kwa sauti kubwa, kwisha. Wasizidishiwe hata kama wewe una hamu ya kuendelea. Wale tuliokuwepo umeme ulipokatika Unguja nzima, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tunakumbuka familia zilivyorudi kukaa pamoja jioni na kibatari, mambo ya biashara yalikuwa mabaya sana lakini kusali pamoja hakujawahi kuwa rahisi vile! Sasa umeme upo, itabidi kuzima wenyewe.

Na swali ambalo watoto wa Kikristo wa Unguja na Pemba lazima waulize, kama hajakuuliza bado subiri, ni "mbona wao wanafunga na sie hatufungi?" Ukweli ni kwamba tunafunga, tuna Kwaresma, siku 40 toka Jumatano ya Majivu bila kuhesabu Jumapili, ila wengi tunafunga kwa siri mpaka watoto wetu wenyewe hawajui, au hatufungi kabisa tunasingizia siri. Yesu kwenye Mathayo 6 kakataza kukunja uso ili watu wakuone umefunga, lakini mtoto anayeosha vyombo atajua tu kwamba sahani ya mama leo mchana haikutumika. Akiuliza mwambie. Na pesa ya chakula kile mkabidhi yeye ampelekee mzee fulani wa mtaani mwenye shida, awe Mkristo awe Mwislamu, asiulizwe dini.

Ramadhani yenyewe ni mwezi mzima wa mafunzo kwa mtoto wa Kikristo wa hapa na tunaupita kama unatusumbua. Mtoto wako hatakiwi kutoka nje mchana na mandazi mkononi mbele ya wenzake waliofunga, unamwambia ale ndani, na akikwambia lakini mama sie si Waislamu, hapo kafungua mlango mwenyewe. Mwambie habari za Paulo na Wakorintho, waliokuwa na haki ya kula na wakaambiwa waangalie kwanza nani yuko mbele yao, mpaka anafika kusema msiwakoseshe Wayahudi wala Wayunani wala kanisa la Mungu, 1 Wakorintho sura ya 10. Mtoto atalielewa andiko hilo na mandazi yake mkononi kuliko mtu mzima wa pahala pengine anavyolielewa kwenye darasa la Biblia. Ikifika futari jirani anakuletea sahani ya tambi au viazi vya nazi, na unajua vizuri huku sahani hairudi tupu, basi mpeleke mtoto airudishe yeye na kitu ndani. Krismasi ikija kuku wenu mpeni jirani Mwislamu awachinjie ili pilau ikipelekwa mlango wa pili ilike bila wasiwasi. Familia nyingi zetu zinafanya hivo miaka na miaka, watoto hawaambiwi kwa nini, na mie naona waambiwe wakiuliza: tunataka jirani ale na sisi.

Na huyo wa 9 akija na "fulani kasema Yesu ni Nabii Isa tu", usimcheke fulani, usimwambie mtoto aache urafiki, na usimpe hoja za kwenda kubishania skuli. Petro anasema tuwe tayari kujibu habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu, 1 Petro 3:15, na nusu ya pili ya mstari huo ndo sie wa visiwani tunaihitaji zaidi. Mwambie sisi tunaamini Yesu ni Mwana wa Mungu, alikufa akafufuka, wenzetu wanamheshimu sana lakini hawaamini hivo, na wewe na rafiki yako mtaendelea kucheza. Mtoto wa miaka 9 akiweza kuishi na jibu hilo kashakomaa kuliko watu wazima wengi.

Huyu wa miaka 5 bado anapenda vitu, kwake yeye usiache. Siku mnapika mkate wa kumimina mwache aone mchele uliosagwa na tui unavyotiwa hamira kidogo, kijiko tu, mnafunika, mnakwenda kufanya mengine, mkifunua umejaa bakuli. Atashangaa mwenyewe. Usiku msomee Mathayo 13:33, yule mwanamke aliyeficha chachu ndani ya pishi tatu za unga, na hapo mkubwa naye atasikiliza ukimwambia hesabu zake, manake kipimo cha pale ni unga wa zaidi ya kilo 20, mkate wa kulisha watu kama mia. Huyo mama hakuwa anapika chai ya asubuhi ya watu wanne, alikuwa na shughuli! Yesu kamtazama mwanamke jikoni kwenye maandalizi ya karamu ya mtaa mzima akasema ufalme wa mbinguni ndo huu.

Kuhusu mume kuwa mbali. Umeandika kama vile nyumba yako ina pengo ambalo litaizuia imani, lakini Timotheo imani yake Paulo anaitaja ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, baba alikuwa Myunani na hatajwi kwenye habari hiyo. Mumeo yeye ni Mkristo na anapenda wanawe, basi kila usiku akipata nafasi kwenye shifti atume voisi ya dakika moja WhatsApp, amuombee kila mtoto kwa jina lake. Siku ya ofu asije kama mgeni wala kama hakimu wa makosa ya wiki nzima, na wewe usimuwekee hayo makosa yamsubiri.

Halafu siku moja ya ofu yake nendeni wote Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Watoto wa hapa wanapita pale mjini kila siku hawajui wamepita wapi. Waingizeni kanisani, waonesheni pale mbele ya altare ambapo inasemwa palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa, waambieni soko lilifungwa mwaka 1873 na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa hili, enzi za Edward Steere ambaye baadae akawa askofu. Na waambieni hili ambalo watalii huwa wanaambiwa mara chache: Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alipofika Unguja mwaka 1864, watoto wa kwanza aliowalea walikuwa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa, Sultani Majid akamkabidhi. Hawakuwa na baba wala mama hapa, lugha ya pahala hawaijui, na mmoja wao, John Swedi, akaja kuwa shemasi. Miaka ya 1870 wengine waliokombolewa wakapewa makazi Mbweni, si mbali na kwenu, wakaoana, wakajenga nyumba, wakaanza kusali jioni na watoto wao. Ukristo wa nyumbani hapa Unguja umeanzishwa kwa sehemu kubwa na watu walioporwa nyumba zao. Kijana wako akikuuliza kwa nini sie ni Wakristo kwenye kisiwa cha Waislamu, na atauliza tu, unayo hadithi ya kuanzia, na inaanza kama ileile ya Kumbukumbu 6:21. Hata kama nyie asili yenu ni bara, kanisa mnalosali ni la watu hao.

Mwisho kwaya. Kwa lazima usimtie. Muulize kwanza anapenda nini, wapo watoto wa umri huo sauti inaanza kukatika wanaona aibu kusimama mbele ya watu kuimba, na mama anadhani ni ukaidi wa kiroho. Ongea na padri au na mwalimu wa sandei skuli apewe kazi ya mikono, kuhudumu altareni, kupanga viti, kushika spika, kufundisha wadogo wimbo mmoja. Kama anataka kwaya yenyewe akajaribu, mpe mwezi, akisema haimfai mwache atoke bila maneno. Na wiki hii usimwambie kitu chochote cha dini nje ya zile dakika kumi za Magharibi, yeye wala wadogo zake, uone nani atakuwa wa kwanza kukuuliza mbona umenyamaza.